Si kila homa ni malaria

Wakenya wengi wakipatwa na joto mwilini, kichwa kikawauma na viungo vikalegea, huwa wameupa ugonjwa jina kabla ya kumwona daktari. Husema ni malaria. Wengine hata kwa daktari hawafiki. Wanaposhuka kwenye matatu jioni hupitia duka la dawa, wakanunua tembe na kwenda kulala wakitarajia kuamka wazima.

Mara nyingi huamka wazima kweli, kwa sababu homa nyingi zinazoletwa na virusi, kama zile za mafua, huisha zenyewe baada ya siku chache. Mtu huyo huwaambia majirani kwamba dawa ya malaria imemponya, ilhali hakuwa na malaria. Hatari huja siku ile ambapo homa si ya mafua wala ya malaria, na wakati wa kutibu ugonjwa wenyewe unapotelea nyumbani.

Homa ni nini?

Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37 hivi za Selsiasi. Likipimwa kwapani na kuwa 37.5 au zaidi, mtu huyo ana homa. Homa yenyewe si ugonjwa bali ni dalili kwamba mwili unapambana na jambo fulani, hasa viini vya maradhi.

Lugha yetu inatukumbusha hivyo. Nimonia huitwa homa ya mapafu, taifodi ni homa ya matumbo na meninjaitisi ni homa ya uti wa mgongo. Jina la kwanza ni moja lakini maradhi ni tofauti, na dawa ya moja huenda isitibu nyingine. Maambukizi ya njia ya mkojo na ya masikio pia huleta homa.

Umetoka wapi?

Jiji la Nairobi liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na baridi yake haiwafai sana mbu wanaoeneza malaria. Wakazi wengi wa jiji wanaopatwa na ugonjwa huo huwa wameupata safarini. Maeneo yanayopakana na Ziwa Victoria, kama vile Kisumu, Siaya, Homa Bay na Busia, ndiyo yenye malaria nyingi zaidi nchini, na Pwani nako ipo.

Dalili za malaria kwa kawaida huanza siku 10 hadi 15 baada ya mtu kuumwa na mbu mwenye viini. Kwa hivyo, aliyekwenda mashambani kwa Krismasi anaweza kuugua katikati ya Januari, akiwa amekwisha kusahau safari yenyewe. Mwambie daktari ulikokuwa, hata kama hajakuuliza.

Mkazi wa Mombasa naye akumbuke homa ya dengi, ambayo imezuka mjini humo mara kadhaa, ukiwemo mwaka wa 2021. Dengi huleta homa kali, maumivu ya viungo na nyuma ya macho. Ikishukiwa, mgonjwa asimeze aspirini wala ibuprofeni kwa kuwa zinaweza kuzidisha kutokwa na damu. Paracetamol ndiyo salama, kwa kipimo kinachofaa.

Pimwa kwanza

Tangu mwaka wa 2010, Shirika la Afya Duniani limependekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe damu kabla ya kutibiwa. Damu huchunguzwa kwa hadubini, au tone moja kutoka kidoleni huwekwa kwenye kipimo cha haraka ambacho hutoa jibu kwa muda wa dakika 15 hadi 20.

Ukipatikana na malaria isiyo kali, dawa inayotumika kwanza hapa Kenya ni mseto wa artemether na lumefantrine. Humezwa mara sita kwa siku tatu, pamoja na chakula au maziwa. Dozi ya pili hufuata saa nane baada ya ya kwanza. Wengi hupata nafuu siku ya pili na kuweka tembe zilizosalia kabatini, wakiviacha viini vingine hai.

Kutumia dawa ovyo husaidia viini kuwa sugu. Klorokwini, iliyouzwa hata madukani mitaani, iliacha kuwa tiba ya kwanza nchini mwaka wa 1998 kwa sababu ilikuwa imeshindwa kazi. Tayari viini vinavyoanza kuhimili artemisinin vimethibitishwa Uganda, Rwanda na Tanzania.

Kipimo kikionyesha huna malaria, usidai dawa yake. Uliza ni nini basi kinacholeta homa, na urudi kupimwa tena isipoisha. Kuhusu taifodi, kipimo cha Widal ambacho hutumika sana kinaweza kuonyesha ugonjwa kwa mtu asiye nao. Kuotesha bakteria kutoka kwenye damu katika maabara hutoa jibu la kuaminika zaidi.

Usingoje kupambazuke

Homa ya mtu mzima ambaye anakula, anakunywa na kuzungumza vyema inaweza kuangaliwa nyumbani kwa siku moja au mbili kwa mapumziko, maji mengi na paracetamol. Lakini aliyetoka sehemu yenye malaria apimwe siku hiyo hiyo. Mama mjamzito mwenye homa pia aende hospitalini mara moja.

Kimbiza mgonjwa hospitalini, hata kama ni usiku wa manane, ukiona mojawapo ya dalili hizi:

• Mtoto wa chini ya miezi miwili ana homa yoyote ile.

• Mtoto hawezi kunyonya au kunywa, au anatapika kila anachopewa.

• Mgonjwa amepatwa na degedege, amechanganyikiwa, au ni vigumu kumwamsha.

• Shingo imekakamaa, au mwanga unamuumiza macho huku kichwa kikimuuma vibaya.

• Macho yamekuwa ya manjano, mkojo ni mweusi, au anatokwa na damu.

• Anahema kwa shida au kwa haraka.

Kupumua kwa haraka kunaweza kujulikana nyumbani. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, huenda ana nimonia. Kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, hali imekuwa mbaya zaidi. Mtoto kama huyo hahitaji tembe za malaria zilizobaki kabatini. Anahitaji kufika hospitalini usiku huo.