MRIJA WA KUPIMA UCHUNGU NI WA NINI?

Mama mmoja aliniuliza: "Ukipelekwa Kigali kujifungua wanakuingiza mpira tumboni. Si ndiyo njia ya kufunga uzazi?" Hapana, mama. Ni kipimo tu, na mtoto akizaliwa hakibaki ndani.

Wakati wa uchungu mji wa mimba hukaza na kulegea. Mkunga hutaka kujua unakaza mara ngapi na kwa nguvu gani. Kwa kawaida huweka mkono juu ya tumbo, anatazama saa, anahesabu kwa dakika 10. Uchungu uliokolea huja mara 3 hadi 5, kila mmoja ukidumu chini ya dakika moja hivi. Kipimo hiki ni kizuri wala hakihitaji umeme.

Ila mkono hautoi namba ya nguvu. Hivyo katika hospitali kubwa yenye vifaa, daktari anaweza kupitisha mrija mwembamba, laini, kwenye mlango wa uzazi, ukae kando ya kichwa cha mtoto. Sharti chupa iwe imekwisha kupasuka. Mashine husoma mgandamizo wa kila mkazo, kisha nguvu ya mikazo ya dakika 10 hujumlishwa. Ikifika 200, kwa kawaida inatosha. Hesabu hiyo huitwa Montevideo, mji wa Uruguay walikofanya kazi madaktari walioianzisha.

Mrija hufikiriwa hasa mama anapopewa dripu ya kuongeza uchungu na njia haifunguki. Usipowekewa, usidhani umenyimwa kwa sababu ni mkimbizi. Mwaka 2010 madaktari wa Uholanzi walitoa matokeo ya akina mama 1,456: waliowekewa mrija hawakupungukiwa upasuaji kuliko waliofungwa mkanda wa kupimia juu ya tumbo. Tena mrija una hatari zake, ingawa ni nadra: maambukizo, au kujeruhi kondo la nyuma. Kondo likiwa limeziba njia, hauwekwi.

Una haki ya kuelezwa kabla ya kukubali. Kama hujui Kinyarwanda wala Kifaransa, tuambie mapema, utafutiwe mtu wa kukutafsiria.

Na kama umekunywa dawa ya kienyeji ya kuharakisha uchungu, mwambie mkunga, hata ukiona haya. Dawa hiyo ikikutana na dripu, mji wa mimba unaweza kupasuka, hasa kwa mama aliyewahi kupasuliwa.