Mikono Inayotulisha: Maradhi ya Ngozi Majikoni, Kitale na Bungoma



Ndugu wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu, hivi karibuni nilifunga safari kutoka huku kwetu pwani hadi Kitale, kumjulia hali mpwa wangu aliyeolewa huko. Alinipokea kwa furaha, lakini aliponipa mkono aliufunika kwa ncha ya leso. Nilidhani ni haya tu ya mtoto wa kike mbele ya mjomba wake. Ilipoadhiniwa Adhuhuri tulitawadha sote, yeye akabaki jikoni. Alasiri ikawa vivyo hivyo. Nikamwita kando nikamwuliza kwa upole, naye akaifunua ile leso.

"Mjomba," akasema, "maji yananichoma. Nikitawadha ni kama nimetia mikono motoni. Basi naahirisha, naahirisha, hata wakati unaniponyoka."

Vidole vilikuwa vimevimba na kuwa vyekundu, ngozi imepasuka kwenye viungo, na chini ya pete ya ndoa pana baka linalotoa maji. Binti huyu huosha vyombo katika hoteli moja mjini, tangu alfajiri hadi alasiri, kwa sabuni ya maji na jiki. Wenzake walikuwa wameacha kunywa kikombe kimoja naye. Mmoja alisema ni upele, mwingine akasema ni husuda. Mwenye hoteli alimwambia asionekane na wateja. Naye, kwa kuchelea kufukuzwa, alinyamaza.

Nataka kusema wazi: yale hayakuwa upele, wala husuda, wala uchafu. Yalikuwa ukurutu wa mikono, maradhi ya kazi yanayojulikana na yenye sababu zake, na hayaambukizi.

Mwenyezi Mungu ameiumba ngozi ikiwa na tabaka jembamba la juu lenye mafuta yanayozuia maji ya mwili yasitoke na vitu vya nje visiingie. Sabuni haichagui: huondoa mafuta ya sufuria na mafuta ya mkono pia. Maji ya muda mrefu huilainisha ngozi, na inapokauka hupasuka. Wataalamu wa ngozi huihesabu kuwa ni kazi ya majimaji pale mtu anapokaa na mikono majini, au ndani ya glavu, zaidi ya saa 2 kwa siku, au anaponawa zaidi ya mara 20. Mpwa wangu huvuka kipimo hicho kabla jua halijapanda. Tena Kitale iko juu, kiasi cha mita 1,900, na baridi yake ya asubuhi pamoja na ukavu wa Januari na Februari huikausha ngozi zaidi kuliko joto letu la pwani. Pete nayo hushikilia sabuni chini yake, ndiyo sababu ukurutu mara nyingi huanzia hapo.

"Si avae glavu?" utaniuliza. Nami nilisema hivyo hivyo, mpaka nilipopanda matatu kupitia Kiminini na Webuye hadi Bungoma, kumwona wifi yake, mpishi katika shule ya bweni. Huyu huvaa glavu za mpira kila siku, na mikono yake ilikuwa mibaya kuliko ya mwenzake. Vipele vilifunika mgongo wa mkono, vikakoma kwenye kifundo kama vimepigiwa mstari, pale pale ukingo wa glavu unapofikia.

Glavu zaweza kudhuru kwa njia tatu. Ya kwanza ni jasho: mkono uliofungiwa ndani ya mpira huloa, na kuloa huko ni sawa na kukaa majini. Ya pili ni mzio wa dawa za kiwandani zinazotiwa katika mpira ili uwe imara. Mzio huu hauonekani papo hapo. Vipele hutokea baada ya siku moja au mbili, kwa hiyo mtu hudhani kimemdhuru chakula alichokula jana. Ya tatu ndiyo ya hatari zaidi, nayo ni mzio wa utomvu wenyewe wa mti wa mpira. Huu huja katika dakika chache: mikono huwasha na kuvimba, mtu hupiga chafya, macho hutoa machozi, na pengine pumzi hubana. Baadhi ya wenye mzio huu huwashwa pia wakila ndizi, parachichi au papai. Anayebanwa na pumzi apelekwe hospitali mara moja.

Basi lifanyweje? Kwanza, amwone daktari. Upele halisi huwasha sana usiku na hushika watu wa nyumba nzima. Fangasi nao wana dawa yao. Jicho la mtaani haliwezi kuvitenganisha. Kwa anayeshukiwa kuwa na mzio wa dawa za mpira, daktari wa ngozi huweza kumbandika viraka vidogo vya vitu mbalimbali mgongoni, kisha akavisoma baada ya siku mbili na zaidi. Tahadharini na krimu za kuchanganywa na zile za kung'arisha ngozi. Baadhi yake zina dawa kali ambazo hutuliza kwa wiki moja, kisha huifanya ngozi kuwa nyembamba. Ndimu na chumvi navyo ni kumtesa mgonjwa bure.

Pili, avue pete kazini. Anawe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, ajikaushe mpaka katikati ya vidole, kisha apake mafuta mazito yasiyo na manukato, kila mara na kabla ya kulala. Glavu zivaliwe juu ya mikono mikavu, na ndani yake glavu nyepesi za pamba, zibadilishwe zikiloa. Mwenye mzio wa mpira atafute za vinili. Na asidanganyike mikono ikipendeza machoni. Nguvu ya ngozi huchukua wiki nyingi kurudi.

Tatu ni swala, jambo lililomliza mpwa wangu. Dini haikuja kututesa. Aya ya 43 ya Suratun-Nisaa na ya 6 ya Suratul-Maidah zimemtaja mgonjwa katika ruhusa ya kutayamamu. Kuchomeka kidogo si udhuru, lakini maji yakizidisha jeraha au kuchelewesha kupona, basi katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi huoshwa sehemu iliyo salama, na hutayamamiwa iliyojeruhiwa. Aliyefungwa bendeji, au anayedhuriwa na vumbi pia, amwulize imamu wake. Mafuta laini hayaharibu udhu. Yaliyoganda na kuzuia maji yafutwe kwanza. Lisilofaa ni kuacha wakati upite kwa kimya na aibu.

Nanyi wenye hoteli na wasimamizi wa majiko, jueni kuwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamlazimu mwajiri kuwapa wanaofanya kazi ya majimaji vifaa vya kujikinga vinavyofaa, glavu zikiwemo. Glavu inayomdhuru mvaaji haifai. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituusia tusiwatwike walio chini yetu wasiyoyaweza, na kama tumewatwika, tuwasaidie. Na sisi tulio na wasichana wa kazi majumbani, tuanze na sinki zetu wenyewe.

Kabla sijaondoka Kitale nilikwenda kuzungumza na yule mwenye hoteli. Alikuwa msikivu nilipomweleza kwamba hayaambukizi. Sasa mpwa wangu huosha vyombo nusu ya siku, na nusu nyingine hupokezana na mwenzake kwenye meza ya chapati. Mikono haijapona yote. Lakini jioni ile, ilipoadhiniwa Magharibi, alikuwa wa kwanza kutandika mswala.

Wabillahi tawfiq.