Programu za kusoma baadaye

Programu za kusoma baadaye ni programu za kompyuta na simu janja zinazomwezesha mtu kuhifadhi makala aliyoikuta kwenye intaneti ili aisome wakati mwingine, mara nyingi hata pale ambapo hakuna mtandao. Miongoni mwa zinazojulikana ni Instapaper, wallabag na Pocket, ambayo ilifungwa mwaka 2025.

Namna zinavyofanya kazi

Mtumiaji hubonyeza kitufe kwenye kivinjari, na programu huchukua anwani ya ukurasa, huufungua, kisha hutenganisha makala na mambo mengine. Kazi hiyo si nyepesi kama inavyoonekana. Ukurasa wa gazeti hubeba matangazo, menyu na maoni ya wasomaji, na si kila tovuti huweka alama ya kuonyesha habari yenyewe inaanzia wapi.

Mbinu mojawapo iliyoenea sana ilitolewa mwaka 2009 na kampuni ya Arc90 ya New York kwa jina la Readability. Mbinu hiyo huzipa maksi sehemu za ukurasa. Aya ndefu hupata maksi zaidi, na kila alama ya mkato huongeza maksi, kwa kuwa sentensi za makala huwa na mikato ambayo menyu haina. Sehemu ambayo jina lake ndani ya msimbo linaonyesha kuwa ni ya maoni au ya pembeni hupunguziwa. Inayoongoza ndiyo huchukuliwa kuwa makala. Kwa hiyo si ajabu kwamba shairi, lenye mistari mifupi, mara nyingine hutoka limekatwa vibaya. Kivinjari cha Safari kilianza kutumia mbinu hiyo mwaka 2010.

Kwa anayenunua bando kuna faida nyingine: maandishi matupu hula data kidogo sana kuliko ukurasa mzima wenye picha na video.

Historia

Mwaka 2007 Nate Weiner wa Marekani alitoa Read It Later, kiendelezi kidogo cha kivinjari cha Firefox. Mwaka uliofuata Marco Arment alitoa Instapaper. Read It Later ilibadilishwa jina kuwa Pocket mwaka 2012, na mwaka 2017 ilinunuliwa na Mozilla, watengenezaji wa Firefox. Tarehe 22 Mei 2025 Mozilla ilitangaza kuifunga, na huduma ilikoma tarehe 8 Julai mwaka huohuo. Omnivore, iliyokuwa ya bure na ya chanzo huria, ilikuwa imefungwa Novemba 2024. Watumiaji wake walipewa wiki chache tu kuondoa vitu vyao.

Hatima ya makala zilizohifadhiwa

Neno "kuhifadhi" hapa linaweza kupotosha. Watumiaji wa Pocket waliruhusiwa kupakua orodha yao, lakini faili waliyopata ilikuwa na vichwa vya makala na viungo, si maandishi yenyewe. Mtu aliyekusanya makala kwa miaka kumi alibaki na anwani, na nyingine kati ya hizo hazifunguki tena kwa sababu tovuti zimehamishwa au kufutwa.

Programu ya wallabag, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Mfaransa Nicolas Lœuilliet, hufuata njia tofauti. Ni programu huria ambayo mtu au shule inaweza kuiweka kwenye seva yake. Nakala ya maandishi hubaki humo hata ukurasa wa awali ukifutwa, na huweza kutolewa kama faili ya PDF au EPUB.

Asiye na seva anaweza kuuhifadhi ukurasa kama PDF kwenye simu yake, au kuuomba uwekwe kwenye Wayback Machine, hazina ya wazi ya shirika la Internet Archive. Mwanafunzi anayekusudia kuitaja makala katika kazi yake hana budi kuandika pia jina la mwandishi, kichwa, tarehe na anwani, maana programu nyingine huviacha baadhi ya hivyo wakati wa kusafisha ukurasa.