Mto Mmoja, Wilaya Mbili: Ulanga na Kilombero

Mto upitao karibu na Ifakara una majina mawili: Ulanga, lililozoeleka zaidi katika maandishi ya Wajerumani, na Kilombero. Chini ya Waingereza, Ulanga likawa jina la wilaya iliyotawaliwa kutoka Mahenge, ambako boma la Wajerumani lilishambuliwa wakati wa Vita vya Majimaji, Agosti 1905. Jina la mto, ajabu kidogo, likapanda milimani. Baada ya uhuru upande wa Ifakara ulitengwa, ukaitwa Kilombero. Tofauti hiyo ni ya kiutawala, si ya kiisimu. Wandamba, wavuvi na wakulima wa mpunga, wanaishi kingo zote mbili. Mtafiti anayeorodhesha lugha kwa kufuata wilaya hukigawa Kindamba mahali ambapo wazungumzaji wenyewe huvuka kwa mtumbwi.