Uongozi Mpya Usivunje Uliyoyakuta

Shirika lolote lina mali za aina mbili. Ya kwanza huandikwa katika vitabu vya hesabu: majengo, mashine, magari na fedha zilizoko benki. Ya pili haiandikwi popote. Ni tabia ya kazi iliyojengeka kwa miaka mingi baina ya watu: kuaminiana, kuonyana bila ya kuogopana, na mkubwa kumsikiliza mdogo anayeijua kazi yake. Anapoteuliwa mkuu mpya, mali ya kwanza hukabidhiwa kwa sahihi na mashahidi. Ya pili haikabidhiwi, na mara nyingi ndiyo inayoharibika mwanzo.

Jambo hili si geni nchini mwetu. Mwaka 1971, miaka sita kabla ya kuungana na ASP, chama cha TANU kilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam walikishika kifungu hicho barabara. Baina ya 1971 na 1973 waligoma mara kwa mara, na baadhi yao waliwafungia mameneja nje ya milango ya viwanda. Hawakudai mishahara peke yake. Walidai pia heshima, maana walichoka kutukanwa na kudharauliwa kazini.

Mfano wa karibu zaidi ni wa TANESCO, shirika linalotuuzia umeme unaopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, kwa waya uliolazwa mara ya kwanza mwaka 1980. Mwaka 2002 Serikali ya Muungano iliukabidhi uongozi wa shirika hilo kwa kampuni ya NETGroup Solutions ya Afrika Kusini. Wafanyakazi walipinga, na mameneja wapya wakaingia ofisini wakilindwa na polisi. Uadilifu unatutaka tukiri kwamba makusanyo ya fedha yalipanda, na wadaiwa sugu, zikiwemo ofisi za serikali, walikatiwa umeme. Mkataba ulimalizika 2006, mwaka wa ukame na wa mgao mkali wa umeme. Ukame hauletwi na meneja. Lakini uongozi unaopita mlangoni kwa ulinzi wa polisi umekwisha kuwaambia wafanyakazi, kabla ya kufungua kinywa, kwamba unawahesabu kuwa maadui. Madeni hukusanywa kwa amri; moyo wa kazi hauji kwa amri.

Uharibifu wenyewe huenda kimya kimya. Mkuu mpya huanza kwa barua za uhamisho zisizotaja sababu. Kisha hujizungushia watu wake, na mlango wa ofisi uliokuwa wazi huwekewa mlinzi. Mtu akishauri huambiwa anapinga. Baada ya hapo wafanyakazi hujifunza somo moja tu: kunyamaza. Fundi wa zamu, ambaye huijua mashine kwa mlio wake, husikia mlio umebadilika naye asiseme. Karani huona hesabu haikai sawa, akaipitisha. Taarifa zinazomfikia mkuu zote huwa njema, hata siku mashine inapozimika. Ndipo hutafutwa wa kulaumiwa, na hupatikana aliye mdogo kabisa.

Hatuutetei uzembe. Yako maofisi ambamo saa tatu asubuhi viti ni vitupu, na mwananchi aliyetoka Makunduchi au Nungwi kwa gari ya asubuhi huambiwa arudi kesho. Mkuu anayekuja kuyakomesha hayo tunamuunga mkono. Tunalomwomba ni kwamba ajue kwanza nani mzembe na nani mchapa kazi, kwani anayewapiga wote kwa fimbo moja huwafundisha wachapa kazi kuwa wazembe.

Tunayasema haya wakati unaofaa. Jengo la tatu la abiria katika uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume limewekwa chini ya usimamizi wa kampuni ya nje, na tangu 2023 shughuli za makontena katika bandari ya Malindi nazo zimo mikononi mwa kampuni ya nje. Hatudai kwamba pametokea ubaya wowote huko. Tunadai kwamba somo la 2002 lisisahauliwe, huko na katika mashirika tunayoyaongoza wenyewe.

Kwa hiyo, ndugu zetu wenye mamlaka ya kuteua, hapana budi makabidhiano yahusu watu pamoja na funguo. Baraza la Wafanyakazi, chombo tulicho nacho nchini tangu waraka wa Rais wa 1970, likutane na mkuu mpya mapema, yeye akiwa msikilizaji. Kila uhamisho utajiwe sababu yake kwa maandishi. Na bodi, inapompima mkuu baada ya mwaka wake wa kwanza, isiridhike na hesabu za fedha. Iwaulize pia wapagazi, makarani na mafundi.

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Uongozi ni dhamana, na mkuu mpya ni mgeni katika nyumba iliyojengwa na wengine. Akija wenyeji wakaugua, basi ugeni wake haukuwa wa heri, hata kama vitabu vya hesabu vinaonyesha faida.