Dunia Kama Tufe (Sehemu ya Tano): Chini ya Nusu Kidole Hadi Unguja

Oktoba 2025, Azam FC ya hapa Chamazi ilipoitoa KMKM ya Unguja na kuingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika kwa mara ya kwanza, swali lilizuka vijiweni: ndege huchukua muda gani kufika Unguja? Simu zikajibu: dakika ishirini hivi. Hakuna aliyeuliza simu imejuaje.

Katika sehemu iliyopita tuliona kwamba dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852. Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, uko nyuzi 6 dakika 53 Kusini. Wa Abeid Amani Karume, Unguja, nyuzi 6 dakika 13. Longitudo zao karibu zinalingana, basi toa tu: maili 40, kama kilomita 74. Ndege ndogo yenye mwendo wa maili 160 kwa saa huzimaliza kwa dakika 15. Kaskazi ya maili 20 ikiikabili uso kwa uso, dakika 17; kusi ikiisukuma, 13. Kuruka, kupanga foleni na kutua hukamilisha zile ishirini.

Hesabu hii ni ya kwetu tangu zamani. Katika karne ya 15, Ahmad ibn Majid, nahodha wa Julfar, Ras al-Khaimah ya leo, aliyetunga pia shairi juu ya njia ya Sofala, alipima kimo cha nyota kwa upana wa vidole. Kidole kimoja kilikaribia nyuzi 1 na dakika 36. Safari akaihesabu kwa zam, kila zam saa tatu za tanga, na zam nane zilimsogeza nahodha kidole kizima kaskazini au kusini. Kwa kipimo hicho Dar na Unguja hazifiki nusu kidole: zam tatu na ushei, kama saa kumi baharini. Manahodha wale walibeba elimu hiyo kichwani. Sisi tumeikabidhi simu, na betri ikiisha tunabaki hatujui tulipo. Huo ni uvivu, na tusiuite maendeleo.

 

Mzazi mwenzangu, mwanao wa kidato cha tatu anafundishwa mada hii ya dunia kama tufe. Mpe atlasi, rula na jioni moja bila simu, apime mwenyewe Dar hadi Unguja. Juma lijalo tutakwenda Mwanza, ambako longitudo hazilingani na kutoa peke yake hakutoshi. Aje na jedwali la kosini.