Anayepima Mionzi na Anayemlaza Mgonjwa

Wagonjwa wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, husema wanakwenda "kuchomwa mionzi". Mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi mara nyingi huchomwa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano. Katika siku hizo 25 anawazoea wataalamu wa tiba ya mionzi kama majirani. Aliyekokotoa dozi yake huenda asimwone hata mara moja.

Huyo ni mtaalamu wa fizikia tiba. Chukua mashine ya kobalti 60: nguvu ya chanzo chake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na ushei. Tiba inayochukua dakika moja leo, baada ya muda huo itahitaji dakika mbili. Muda usiporekebishwa, mgonjwa atapata dozi pungufu bila kuhisi lolote, na uvimbe utabaki. Ndiyo maana mtaalamu huyu huzamisha kipimo kidogo ndani ya tangi la maji, kwa kuwa mwili hunyonya mionzi karibu kama maji, kisha hulinganisha namba. Mashine za LINAC, ambazo Ocean Road ilianza kuzitumia mwaka 2018, huzalisha mionzi kwa umeme, lakini nazo hazikwepi vipimo.

Mwenzake, mtaalamu wa tiba ya mionzi, hushika mikono ya watu. Humlaza mgonjwa, hulinganisha alama za wino mwilini na mistari ya leza, hutoka nje ya kuta nene za zege na kumtazama kwa kamera. Ndiye anayemkumbusha asisugue zile alama akioga. Ndiye pia anayegundua kwamba mama wa jana leo anachechemea.

Kwa kijana, njia zinaachana mapema. Wa kwanza husomea fizikia, kisha shahada ya uzamili na mafunzo ya hospitalini. Wa pili anaweza kuanza moja kwa moja na shahada ya tiba ya mionzi, inayofundishwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS). Ni kosa kumwambia kuwa wa pili ni mbonyeza vitufe tu: sentimita moja ya uzembe wake huharibu hesabu zote za mwenzake.

Hilo huonekana kwa mgonjwa wa saratani ya koo. Akikonda, barakoa ya plastiki inayoshikilia kichwa chake hulegea. Anayemlaza ndiye huliona, husimamisha tiba na kumpigia simu mwanafizikia. Mgonjwa hupigwa picha upya, na hesabu zinaanza tena.